Pole ya Bosi Si Fidia

Mfanyakazi akiumia kazini, kabla ya fomu yoyote kumfikia kitandani inatangulia bahasha. Huletwa na msimamizi jioni baada ya zamu, pamoja na maji ya kunywa na machungwa. "Mzee anakupa pole sana, kasema usiwe na wasiwasi, hii isaidie mambo madogo madogo." Mkeo anaipokea kwa mikono miwili. Mama yako aliyefika na basi la usiku kutoka kijijini anamwombea dua huyo mzee ambaye hajawahi kumwona. Na wewe uliyelala hapo, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, unashukuru, maana ndivyo tulivyolelewa: mtu akija kukujulia hali, humwulizi mengine.

Nimeona watu wengi mno ambao habari yao ya kuumia kazini iliishia kwenye bahasha hiyo. Ya kwanza nene, ya pili nyembamba, ya tatu haikuja. Walipoanza kuuliza haki yao ni ipi, msimamizi alishahama, mashahidi walishatawanyika, na muda wa kudai ulishakwisha. Sina ugomvi na pole. Pole ni utu, na anayeitoa kwa moyo Mungu amlipe. Ila haiwezi kukaa mahali pa fidia, na anayekuletea pole huku akikuzuia kudai fidia anakunyang'anya kitu ambacho kilishalipiwa kwa ajili yako.

Nasema kilishalipiwa na namaanisha hivyo hivyo. Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, huu tunaouita WCF, uliotokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, Sura ya 263. Ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Kila mwajiri, awe serikali au mtu binafsi, anatakiwa kujisajili na kuchangia kila mwezi kulingana na mishahara anayolipa. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka 2022. Mchango huo ni wa mwajiri peke yake, na hakuna senti inayotakiwa kukatwa kwenye mshahara wako kwa ajili yake. Nadhani hiyo ndiyo sababu wengi hatujui hata kama upo. NSSF tunaiona kwenye slipu kila mwisho wa mwezi, tunainung'unikia, tunaifuatilia. Huu mwingine haukatwi, basi hakuna anayeuulizia.

Na huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alikuwa mzembe. Wengi wanaogopa kudai kwa kuwa wanaona kama wanamshitaki mtu aliyewapa mkate. Hushitaki mtu. Unachoonyesha ni kwamba umeumia ukiwa kazini, na kwamba kuumia huko kumetokana na kazi.

Muheza nilikokulia kulikuwa na mzee aliyekatwa mkono na korona, ile mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge. Sisi watoto tulizoea kumwona akishikilia chungwa kwa magoti na kulimenya kwa mkono mmoja, haraka kuliko sisi wenye miwili. Sheria ya fidia ilikuwepo enzi zake, ya tangu wakati wa mkoloni, lakini viwango vyake viliachwa palepale wakati thamani ya shilingi ikiporomoka. Mpaka inaondolewa, fidia ya ulemavu wa kudumu haikuzidi shilingi 108,000, na ya kifo shilingi 83,000. Wazee wetu hawakukosea kuacha kuhangaika nayo. Nauli ya kufuatilia na hoteli ya kulala mjini vingeimaliza kabla haijafika nyumbani. Walichokuwa nacho ni huruma ya meneja wa shamba, na waliishi kwa hiyo. Sheria imebadilika tangu wakati huo, lakini ile tabia ya kumtazama bosi usoni na kungoja huruma yake tumeirithi nzima nzima.

Mimi nilikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nafaka Dar es Salaam. Mkanda wa mashine ya kukoboa ulikuwa umeruka kwenye puli, nikawa naurudisha. Kinga ya bati iliyotakiwa kuifunika ile puli ilikuwa imetolewa siku nyingi na kuegeshwa ukutani. Mtu akawasha swichi upande wa pili bila kujua kuna mtu ndani. Mkono wa kulia ulivutwa kati ya mkanda na puli. Vidole viwili viliondolewa hospitalini, cha tatu kilibaki lakini hakikunji, na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja uliharibika. Hayo yanatosha kwa upande wa ajali.

Kilichoniumiza zaidi ya ule mkanda ni mstari mmoja kwenye faili la hospitali.

Msimamizi wangu ndiye aliyenipeleka, kwa pikapu ya kampuni. Pale mapokezi muuguzi aliuliza huyu ameumiaje, na mimi hali niliyokuwa nayo sikuweza kujibu. Akajibu yeye. Nilikuja kujua baadaye sana, nilipoomba nakala ya muhtasari wa matibabu, kwamba imeandikwa mgonjwa aliumia nyumbani kwake akitengeneza pampu ya maji. Nyumbani kwangu hakuna pampu ya maji. Tunanunua kwa ndoo.

Nimejiuliza sana kwa nini mtu aliyekimbia kuniwahisha hospitali, aliyenishika bega njia nzima akiniambia "kaza moyo kaka, tunafika", aliweza kusema vile dakika chache baadaye. Sidhani alinichukia. Ajali ikiripotiwa inaleta maswali. Sheria inamtaka mwajiri aripoti kwa Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate taarifa. Kuna OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, ambao wakifika watataka kuiona ile kinga ya bati na kujua ilitolewa lini na nani. Kuna michango ya Mfuko, kama ililipwa au ilikuwa inarushwarushwa. Aliyeumia nyumbani haleti mkaguzi wala haandikiwi ripoti, na msimamizi aliyeonya mara nyingi kuhusu kinga hiyo na kupuuzwa anajua lawama itamwangukia nani. Nimemsamehe. Lakini naomba kila anayesoma hapa achukue jambo hili kwa uzito: mwenzenu akiumia, mmoja wenu asiyekuwa bosi aende naye, na yeye ndiye amwambie muuguzi: "Sista, huyu ameumia kazini, kiwanda hiki, mashine hii, saa hizi." Kisha amwombe amsomee alichoandika. Muuguzi hatakasirika. Kama ni ajali ya barabarani ukiwa kwenye shughuli za kazi, utahitaji na taarifa ya polisi, kwa hiyo PF3 usiiache ipotelee kwenye dashibodi ya gari la mtu.

Nilipokuwa nyumbani na mkono umening'inizwa shingoni, ofisa utumishi alinipigia simu, sauti ya upole kabisa. Akasema nisihangaike, niko kwenye likizo ya ugonjwa, mshahara wangu utaingia kama kawaida. Ilikuwa kweli, uliingia. Ni mtego ambao nauona ukiwanasa watu wengi, kwa sababu hauna sura ya ubaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hiyo likizo imewekwa kwa ajili ya malaria, upasuaji, maradhi yoyote yanayompata binadamu. Ukiumia kazini una njia yako nyingine, na sheria hiyo hiyo inamwondolea mwajiri wajibu wa kulipa mshahara wa ugonjwa pale ambapo mfanyakazi anastahili kulipwa na sheria nyingine au mfuko. Ajali ya kazini ikiingizwa kwenye likizo ya ugonjwa, huku nyuma siku za ripoti zinapita. Siku zako 126 zinaisha. Unaitwa ofisini, unapewa barua ya kusitishiwa ajira kwa sababu ya afya, unasaini kwa mkono wa kushoto. Wakati huo unaambiwa habari ya fidia haihusiki, mbona ulikuwa mgonjwa wa kawaida?

Ukifikishwa hapo, jua kwamba kuachishwa kazi isivyo halali kunapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai ya fidia yana muda wake tofauti, miezi 12 tangu ajali. Watu huchanganya mida hii miwili, wakingoja wa kazi uishe ndipo waanze wa fidia, na yote inatembea kwa pamoja.

Aliyenitoa kwenye tope ni katibu wa tawi wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara, wa kiwanda cha jirani, mtu mzima aliyekuwa akinijua kwa sura tu. Alikuja nyumbani Jumapili baada ya misa, akakaa kwenye kigoda, akasoma ule muhtasari wa hospitali mara mbili. Nilikuwa nimepanga kwenda hospitali kufanya vurugu. Akaniambia, "Mdogo wangu, usigombane na faili. Faili linajibiwa na karatasi nyingine. Siku ile uliingiaje kazini?" Niliingia kwa kusaini kitabu cha zamu. "Na ulitokaje?" Sikusaini kutoka. "Na gari lilitokaje?" Hapo ndipo nilipomkumbuka mlinzi.

Mlinzi wa getini hakuwa mwajiriwa wa kiwanda, aliletwa na kampuni ya ulinzi, na alikuwa na daftari lake la mistari lenye jalada gumu ambalo aliandika kila kinachopita. Magunia yanayoingia, malori, wageni, mama anayeleta chai. Nilimfuata siku ambayo zamu yake ilikuwa ya usiku. Alifungua kurasa taratibu kwa kidole alicholowesha mate, mpaka akafika kwenye tarehe yangu. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: saa 4:20 asubuhi, pikapu imetoka, dereva, supavaiza na fundi mashine kaumia mkono. Chini yake ameandika: damu nyingi, Mungu amsaidie. Nilipiga picha ukurasa ule kwa simu, nikaupiga tena, kisha nikamwomba anisomee kwa sauti, kwa kuwa nilitaka kuusikia ukisemwa na mtu.

Ile saa iliyoandikwa getini na saa niliyopokelewa hospitali zilifuatana. Nilikuwa nimesaini kuingia kazini asubuhi. Wenzangu wawili wakakubali kuandika walichokiona, mmoja akiwa na hofu wazi ya kupoteza kibarua, na sitasahau kwamba aliandika hata hivyo. Kwa karatasi hizo daktari aliyekuwa akinitibu baadaye aliandika ripoti yenye maelezo sahihi ya jinsi nilivyoumia. Dai likapelekwa. Mfuko una utaratibu wake wa kufanya uchunguzi pale panapohitajika, na mtu aliyekuja kuangalia mazingira ya ajali aliikuta kinga ya bati bado imeegeshwa ukutani.

Katika kukusanya vielelezo nilikutana na shida ambayo nadhani inawarudisha watu wengi nyumbani kuliko hata hila za waajiri: majina. Kitambulisho cha NIDA kina majina yangu matatu. Mkataba wa kazi una mawili, na la pili ni la babu. Benki wameandika la ubatizo kwa herufi inayokosekana. Hospitali wameandika nilivyotamkwa na msimamizi. Kwa mtaani huyo ni mtu mmoja, kila mtu anamjua. Kwa makaratasi hao ni watu wanne, na hakuna atakayewalipa wote. Ilinibidi kwenda kwa wakili kula kiapo cha majina. Kama unasoma hapa na mikono yako ni mizima, chukua jioni moja uweke mkataba, kitambulisho, kadi ya benki na kadi ya bima mezani, uone kama ni za mtu mmoja. Kurekebisha ukiwa mzima ni usumbufu mdogo.

La pili ni mshahara wenyewe. Unapokuwa huwezi kufanya kazi kwa muda, Mfuko unalipa asilimia 70 ya kipato chako kwa mwezi, na malipo hayo yanaweza kuendelea hadi miezi 24. Kipato kipi? Kile kinachoonekana kwenye kumbukumbu. Viwandani kwetu kuna mtindo ambao kila mtu anaujua, wa kuandika mshahara mdogo kwenye karatasi na kumalizia kwa posho mkononi, ili michango yote iwe midogo. Wafanyakazi tunaufurahia kwa sababu kodi nayo inapungua. Siku ya kuumia, asilimia 70 inapigwa kwenye ile namba ndogo. Kuna mwenzetu wa idara ya kufungasha ambaye malipo yake ya muda yalimfikia nusu ya alichozoea kubeba nyumbani, na hakuna aliyemdhulumu kwenye hesabu. Alidhulumiwa tangu siku ya kuandikishwa.

Nyumbani kwangu kipindi kile mke wangu alianza kuchoma vitumbua alfajiri. Alinikataza kuona haya. Mimi niliona haya hata hivyo, kwa sababu mwanamume aliyezoea kurudi na mkate anapokaa kibarazani saa nne asubuhi, kila mpita njia anayemsalimia ni kama anamuuliza swali. Malipo ya muda yalipoanza kuingia, kilichobadilika kwanza hakikuwa chakula. Niliacha kusubiri simu ya bosi.

Baada ya matibabu kufika mahali ambapo hali haitarajiwi kubadilika sana, inakuja tathmini ya ulemavu. Hapa ndipo mtu anapogeuzwa asilimia, na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa sikuwahi kukuta mtu ameieleza kwa lugha yetu. Ulemavu wa kudumu ukipimwa na kuonekana ni asilimia 30 au chini, unalipwa kwa mkupuo, mara moja. Ukizidi 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Unaweza kuona uzito wa namba moja au mbili katikati hapo.

Daktari alikuwa na kipande cha plastiki chenye mikono miwili kama ya bikari, akakiweka kwenye kila kiungo cha kila kidole kilichobaki, akaniambia nikunje, nikunjue, akasoma nyuzi na kuandika. Akanipa chuma cha kubinya chenye mshale, nikabinya kwa mkono mzima, mshale ukapanda. Nikabinya kwa ule mwingine, mshale ukatikisika tu. Akanigusa kiganja kwa kitu chenye ncha huku nimefumba macho, nimwambie nasikia wapi na sisikii wapi. Kisha akaweka kalamu chini, akauliza, "Nani anakufunga vifungo vya shati?"

Nikasema, mke wangu.

"Na mkanda wa suruali?" Mke wangu. "Usiku unalala?" Nalala vipande vipande, mkono unawaka moto kuanzia saa nane. Akaandika yote. Nina deni kwa daktari yule kwa kuuliza namna ile, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje na mzee mmoja aliyeumia mgongo akibeba mizigo, ambaye kwa saa nzima alinieleza jinsi ambavyo hawezi kuinama kufunga kamba za viatu, jinsi anavyoamka akitambaa. Aliitwa kabla yangu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikamsikia akiulizwa anaendeleaje, naye akajibu kwa sauti ya furaha: "Nzuri tu daktari, Mungu ni mwema, naendelea vizuri." Ndivyo tunavyojibu. Hata mtu aliyefiwa jana anaulizwa habari na anaanza na nzuri. Lakini daktari anaandika anachoambiwa, na "naendelea vizuri" ikiingia kwenye ripoti haibebi ile adabu iliyoizaa. Mbele ya daktari wa tathmini, kueleza maumivu yako yote si kulalamika wala si kukufuru. Eleza usiku, eleza choo, eleza vifungo. Nenda na anayekuhudumia nyumbani aseme yale ambayo wewe utaona haya kuyasema. Na uamuzi ukitoka nawe huridhiki, sheria inakupa nafasi ya kuomba upitiwe upya, kwa maandishi na kwa sababu.

Mimi nililipwa mkupuo. Kwa fundi anayetumia mkono wa kulia, naamini hakuna asilimia inayoweza kusema nilichopoteza, maana jedwali linapima mwili na mimi nilikuwa nikiishi kwa ufundi. Hata hivyo kile kiasi kililipa ada, kikatuondoa kwenye nyumba ya kupanga iliyokuwa ikitumeza, na kilikuja kwenye akaunti yangu bila mtu kunipigia simu kuniambia mzee anakupa pole. Sasa hivi natunza stoo ya vipuri kwa mtu mwingine. Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko unasomeka.

Mafao ni saba kwa jumla, na mengi hayadaiwi kwa sababu hayajulikani. Matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu nimeyataja. Yapo pia malipo ya anayemhudumia mtu asiyejiweza, msaada wa mazishi, na pensheni kwa wategemezi wa aliyefariki. La saba ni utengemao, yaani kumrudisha mtu kwenye maisha na kazi, pamoja na viungo bandia na mafunzo ya ufundi mwingine. Mtu akikwambia fidia ni "hela ya kidole", mweleze na hayo.

Wanaobaki nje kabisa ndio wanaoninyima raha. Bodaboda anayevunjika mguu Ubungo hana mwajiri wa kumchangia, isipokuwa tajiri wa pikipiki anayedai hesabu yake hata mguu ukiwa kwenye plasta. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inahusu matibabu, na ni jambo jema, lakini haimpi mtu kitu cha kuwapa watoto wakati mfupa unaunga. Sioni kwa nini nchi inayoweza kuweka mfuko kwa wenye mikataba ishindwe kuwafikiria wanaotubeba mgongoni kila siku.

Lakini wapo wanaodhani wako nje kumbe wako ndani, na kwao bado kuna la kufanya. Mtaani kwetu kuna kijana saidia fundi aliyeanguka kutoka jukwaani kwenye jengo la ghorofa, akavunjika nyonga. Hakuwa na mkataba wa maandishi, alikuwa akilipwa kila Jumamosi kwa kuitwa jina. Mkandarasi alimletea bahasha na maneno mazuri, kisha akasema yule si mwajiriwa, ni deiwaka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haikubaliani naye kirahisi hivyo. Mtu aliyefanya kazi kwa mwingine wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho, au anayefanya kazi kwa maelekezo na vifaa vya mwenye kazi, anadhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kijana yule alifanya saa 45 ndani ya wiki moja. Miezi yake 12 haijaisha. Mnyapara aliyekuwa akisoma majina siku za malipo bado anazo karatasi za Jumamosi zote, amezifunga kwa mpira kwenye mfuko wa nailoni, na amekubali tukazitoe nakala. Jumatatu tunakwenda.